Mwaka ujao hatuanzi na kupanda mikoko, tunaanza na kurudisha maji. Mpango wa kikundi chetu, wana Tanga karibuni tuujadili

#1 Mwana wa Hori

Wakuu, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha mazingira hapa Tanga, huku kusini mwa jiji, njia ya kwenda Tongoni. Tumesajiliwa kama asasi ya ngazi ya wilaya. Tuko wanachama 23: wengi ni akina mama wa dagaa na vijana wa ngalawa, wazee watatu, na mwalimu mmoja mstaafu anayetuandikia barua. Ofisi hatuna. Mafaili yanakaa kwa mweka hazina, na vikao tunakaa jamvini chini ya mkungu. Jumapili iliyopita tulikaa kupanga mwaka ujao. Tulianza saa nne asubuhi, tukaachana adhana ya magharibi inaadhiniwa.

Nayaleta hapa kabla hatujayapeleka kwa mfadhili yeyote. Mara ya kwanza tulianza na mfadhili, wenyeji wakafuata, na hasara yake naiona kila maji yakitoka.

Habari yenyewe ni hii. Miaka mitatu iliyopita tulipata fedha zetu za kwanza. Mkataba ulitaka miche 10,000 ya mikoko, basi. Tuliipanda yote siku moja, Julai 26, siku ya mikoko duniani. Shule mbili zilikuja, fulana zikagawiwa, tenti zikafungwa, muziki ukapigwa, mgeni rasmi akachomeka mche wake akapigwa picha. Tulichagua tope la mbele, lile linalotazama bahari, kwa sababu lilikuwa wazi na watu wanafika bila kuchafuka sana. Mzee mmoja alituuliza: "Wanangu, hapa tangu nazaliwa sijaona mti. Mmejiuliza kwa nini?" Tukamjibu kwamba ndiyo maana tunapanda, paote. Hakusema tena. Nikilikumbuka lile jibu letu moyo unaniuma.

Julai ni upepo wa kusi. Mawimbi yalianza kung'oa miche wiki ileile. Iliyobaki ikagandwa na vile vijikombe vigumu vinavyoganda chini ya madau, shina likawa zito likalala. Kaa nao wakakata mingine kwa chini, kama mtu aliyepita na wembe. Mwezi wa kumi mwaka huu tulikwenda kuhesabu, mimi na wenzangu wawili, na kamba ya nailoni tuliyoipiga fundo kila mita. Tulishinda huko siku mbili maji yakitoka. Katika miche 10,000 tulikuta hai 312.

Ripoti tuliyopeleka haikuwa na uongo. Iliulizwa imepandwa miche mingapi, ikajibu 10,000. Hakuna aliyeuliza imebaki mingapi.

Sasa sikilizeni jambo la pili, ndilo lililobadilisha mpango wetu. Nyuma ya lile tope, kama hatua 400 kuelekea nchi kavu, kuna shamba la chumvi lililoachwa zamani. Halikuwa na kitu ndani, ardhi nyeupe imepasukapasuka kama kigae. Masika ya mwaka juzi tuta lake lilibomoka lenyewe kwenye kona moja, pana kama mlango wa nyumba. Tulipomaliza kuhesabu tulipita pale kukata njia ya kurudi, tukasimama. Ndani ya ile kona kulikuwa na michu midogo, aina mojawapo ya mikoko. Mingine ina majani mawili tu, mingine imefika gotini. Nilichuma jani moja nikalilamba, lina chumvi. Mchu huitoa chumvi kwenye majani, ukilitazama jani juani unaona chembe zake zinang'aa. Nyuma yake mikandaa. Hakuna aliyepanda hata mmoja. Hatukuhesabu yote, lakini katika kona ile ndogo tulipita 500 kabla jua halijatuzidi.

Wenye kuijua mikoko wanajua sababu. Mikoko si mti mmoja. Mlilana unakaa mbele kabisa unapigwa na bahari, mkoko wenyewe unafuata pale kwenye matope laini na mizizi yake ya miguu mingi, mkandaa unakaa nyuma ambako maji hayafiki kila siku, na mchu unaweza kukaa mbele au nyuma. Sisi tulichukua mkoko tukaupeleka mahali pa mlilana, tena mahali ambapo hata mlilana ulipakataa. Halafu mbegu zake hazihitaji mtu. Tunda la mkoko huota likiwa bado mtini, linaning'inia kijani, refu kama rula na zaidi, likikomaa linadondoka na kuelea. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikija inalibeba hadi ndani, maji yakirudi linabaki kwenye tope. Kinachohitajika ni maji yaweze kuingia na kutoka. Tuta la chumvi ndilo linalofunga mlango.

Kwa hiyo mpango wetu wa mwaka ujao ni kufungua tuta sehemu tatu. Hatutapanda mche hata mmoja mpaka tuone bahari imeleta nini. Kwa mpangilio tuliokubaliana kikaoni: Januari tunaomba kibali kwa wakala wa misitu, TFS, kwa sababu mikoko yote ni msitu wa hifadhi na huwezi kugusa hata gogo lililokauka bila ruhusa, wakati huohuo tunazungumza na familia ya mwenye shamba, ambao hadi sasa wanatusikiliza vizuri. Februari na Machi, kabla ya masika, majembe. Eneo lote ni kama viwanja viwili vya mpira. Darasa la tano la shule ya jirani watachukua sehemu yao ya kupima: kila mtoto ana ufito wake uliotiwa alama na mche wake mmoja, anaupima mara moja kwa mwezi hadi amalize shule ya msingi. Julai tunaleta majiko ya kuchemshia dagaa yanayokula kuni chache. Mwisho wa mwaka mizinga ya nyuki, maana mchu una maua mazuri kwa asali na mtu haendi na panga penye nyuki wengi.

Fedha tunazohitaji si nyingi: majembe, chakula cha wachimbaji, nauli za kufuatilia vibali, vifaa vya majiko. Ugumu ni kwamba wafadhili wawili tuliowagusia wote wameuliza kitu kimoja, mtapanda miche mingapi. Ukiwaambia sifuri wanadhani umekosea kuandika.

Sisi watu wa Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Miradi nayo imekuwa hivyohivyo. Mimi natamani mwaka ujao tufanye kitu ambacho hata kikundi kikifa, maji yataendelea kuingia.

Nawaomba maoni, hasa wenye kuijua hii pwani. Mkiona tumekosea semeni sasa, kabla ya jembe.

#2 Kijana wa Makorora

Nimekaa mkuu. Sijui lolote kuhusu mikoko ila hiyo ya kulamba jani nitaenda kujaribu. Nasubiri wajuzi.

#3 Mlipakodi

Mkuu umeandika vizuri, lakini nitasema lililo moyoni. Nimeishi Tanga miaka 40. Nimeona asasi za mazingira, za UKIMWI, za watoto, za wajane, za vijana. Nimeitwa kwenye semina nikapewa daftari, kalamu, soda na posho, nikarudi nyumbani mtaa uko vilevile. Mwenyekiti baada ya miaka miwili ana pikipiki. Sasa wewe unasema mliharibu fedha za watu kwa miche 10,000, halafu unaomba nyingine. Kwa nini tukuamini? Fedha zile ziligawanywaje? Taja hapa, shilingi kwa shilingi. Ukishindwa, basi huu uzi ni tangazo.

#4 Mwana wa Hori

Mlipakodi, kaka yangu, swali lako ni la haki na nilikuwa nalingojea.

Daftari ninalo hapa. Katika kila shilingi 100 tulizopokea, 41 zilikwenda kwenye ile siku moja: fulana, tenti, muziki, chakula, maji, usafiri wa wageni na posho zao. Shilingi 30 zilinunua miche na kulipa vijana waliochimba. Shilingi 20 zilikwenda kwenye vikao, nauli, uchapaji wa ripoti na ukaguzi wa hesabu. Zilizobaki 9 ndizo zilikuwa za "utunzaji", na zilikwisha mwezi wa pili. Hakuna aliyenunua pikipiki. Lakini sitasema tulizitumia vizuri kwa sababu tu hazikuibwa. Ile 41 inanikera hadi leo, na mimi mwenyewe ndiye niliyesaini.

Kwa mwaka ujao tumekubaliana na imeandikwa kwenye muhtasari: hakuna sherehe, hakuna fulana, hakuna posho ya kikao kwa mwanachama. Anayechimba analipwa kibarua chake kwa siku na anakula. Ripoti ya mwaka kwa Msajili tunapeleka kama sheria inavyotaka, ila hiyo haisomwi na jirani. Hivyo kila baada ya miezi mitatu nitaweka hesabu hapahapa kwenye uzi huu, pamoja na hesabu ya miche hai. Ya kwanza ni mwisho wa Machi. Nisipoweka, niandame.

#5 Fundi Mataruma

Mwanangu katibu, mimi si mtu wa kuandika sana, mjukuu ndiye ananiandikia.

Nimeunda madau na majahazi tangu ujana. Mataruma ya chombo tulikuwa tunayatafuta kwenye mlilana, kwa sababu mti wake una mipindo ya asili. Unauzunguka, unautazama, unauona tayari una umbo la ubavu wa dau ndani yake. Ukikata unakata tawi hilo tu, mti unabaki. Na boriti vilevile. Zamani za majahazi ya Arabuni kila unene ulikuwa na jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na mkataji alikuwa anakata kile alichoagizwa akaacha vingine vikue. Siku hizi mtu anaingia na panga anafyeka vyote, vinene kwa vyembamba, vinakwenda kuwa kuni. Hilo mnalijua.

Nililotaka kukwambia ni kuhusu hilo tuta. Umesema mtafungua sehemu tatu. Nani amechagua hizo sehemu? Kabla ya shamba la chumvi pale palikuwa na mkondo. Mimi nimepita na ngalawa ya baba yangu, bamvua ikijaa, tunaingia hadi kwenye mibuyu kuchukua maji ya kisima. Mkondo ule haukwenda moja kwa moja, ulipinda kama mundu. Walipojenga tuta waliuziba kwenye tumbo la huo mundu. Mkifungua mahali pengine maji yataingia, sikatai, lakini hayatajua njia ya kutoka. Yatatuama, yatachemka juani, na mtapata chumvi upya badala ya miti. Kona iliyobomoka yenyewe nadhani iko karibu na mkondo wa zamani, ndiyo maana ilibomoka. Maji yalikuwa yanatafuta kwao.

#6 Mwana wa Hori

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako mara tatu, kisha nimempigia mwenyekiti nikamsomea.

Zile sehemu tatu tulizichagua sisi wenyewe kwa macho, pale ambapo tuta ni jembamba na kazi itakuwa rahisi. Ni kosa lilelile la mwanzo, tumechagua panapotufaa sisi. Mibuyu unayoisema, ni ile miwili iliyokaribiana, mmoja umepasuka katikati? Na je, mzee wangu, unaweza kufika? Tutakuletea bajaji hadi mlangoni na vijana watakushika mkono kwenye tope.

#7 Fundi Mataruma

Marahaba. Ndiyo hiyo. Uliopasuka ulipigwa na radi. Nitakuja, miguu bado ipo. Nijulishe siku.

#8 Bibi Dagaa

Haya, na mimi niseme, maana nimeona akina mama tumetajwa mara mbili na mara zote tumewekwa mwishoni.

Mimi nachemsha dagaa. Nitawaeleza ilivyo ili mpange vizuri. Dagaa wanavuliwa giza, usiku usio na mwezi, kwa taa. Kwa hiyo sisi tuna usiku kama ishirini hivi kwa mwezi wa kazi, na mbalamwezi ikikaza tunapumzika. Boti zinaingia alfajiri zote kwa pamoja. Dagaa hamsubiri mtu. Ukichelewa kwa muda wa saa mbili tumbo linapasuka, bei imeanguka. Maji ya chumvi yawe yanatokota, unatia kwenye nyavu, unatosa, unahesabu, unatoa, unaanika. Kuni zinazokwenda asubuhi moja mtu asiyeziona haamini. Na kuni za mkandaa, wallahi, zinawaka hata zikiwa mbichi na moto wake haudanganyi. Kuni za muembe utapuliza mpaka macho yatoke machozi na sufuria bado vuguvugu.

Sasa nyinyi mnafungua tuta Machi, miche inaanza kuota, halafu majiko mnaleta Julai. Kati ya Machi na Julai mimi nitachemshia nini? Nitaingia kulekule. Si kwa ubaya, nina watoto wanne na wawili wako sekondari. Kijana anayeuza kuni kwa mzigo ananikopesha, mfadhili hanikopeshi.

Leteni majiko kwanza. Na msituletee jiko la sufuria ndogo lililopigwa picha kwenye semina. Sufuria zetu ni zile pana, watu wawili wanabeba. Fundi aje akeshe nasi usiku mzima apime mwenyewe. Na mafunzo yenu mkiyaweka giza hatuji, wekeni mbalamwezi.

Jambo jingine: tuko akina mama 9, tulijaza fomu za mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023, sasa imerudi. Haina riba. Kikundi chenu kitusaidie kuandika andiko, maana karatasi ndizo zilituangusha. Jiko la kudumu la matofali tunaweza kulilipa wenyewe kidogokidogo. Hatutaki la kupewa, la kupewa likivunjika hakuna anayelijenga upya.

#9 Mwana wa Hori

Bibi Dagaa, dada yangu, umetuvunja na kutujenga.

Kwenye kikao akina mama walisema "majiko yawahi" na sisi tukaandika Julai kwa sababu ndipo tulipodhani fedha zitakuwepo. Hatukuuliza kuhusu giza na mbalamwezi. Nimekwenda jana jioni kwa mweka hazina, naye ni mchemshaji kama wewe, akaniambia "nilikwambia hukusikia." Ni kweli.

Jiko la kwanza linakuwa Januari. Moja tu, la matofali, kwa sufuria pana, kwa fedha zetu za ada tulizonazo benki, zinatosha moja. Tutapima mizigo ya kuni kabla na baada, kwenye asubuhi za kazi, si siku ya maonyesho. Likifaa ndipo mengine. Andiko la mkopo mwalimu wetu mstaafu yuko tayari kukaa nanyi mbalamwezi hii.

#10 Sayansi Kidato

Habari zenu. Nafundisha baiolojia, sitasema shule. Nimefurahi sana kuona watu wanaizungumzia mikoko kwa maji na si kwa miche. Ufilipino walipanda kwa miongo mingi, fedha nyingi, na sehemu kubwa ilikufa kwa sababu hiyohiyo, mti kupelekwa kwenye tope la mbele lisilo lake. Kwa hiyo msijione wa kwanza kukosea.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza, udongo wa shamba la chumvi una chumvi iliyojikusanya miaka. Ukifungua tuta, mwaka wa kwanza unaweza usione kitu na watu wakakata tamaa. Acheni masika ioshe, bamvua ziingie na kutoka. Mnachopima mwaka huo kiwe maji na udongo: maji yanafika wapi bamvua, yanafika wapi maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, yanakaa muda gani kabla ya kutoka. Vigingi vilivyotiwa alama vinatosha, watoto wa la tano wataviweza kabisa.

Ya pili ndiyo nzito. Mzee ametaja kisima kwenye mibuyu. Kisima kile bado kinatumika? Mkiyaruhusu maji ya bahari yafike hadi pale yalipofika zamani, kuna nyumba, mashamba na visima ambavyo zamani havikuwepo. Tanga bamvua inapanda mita 3 na zaidi. Kabla ya jembe lolote, tembeeni na wenye nyumba za nyuma, nyumba kwa nyumba, pimeni mwinuko. Kisima kimoja kikiingia chumvi, mtaa mzima utawachukia nyinyi na mikoko yenu, na watakuwa na haki.

#11 Mwana wa Hori

Mwalimu, hili la kisima hakuna aliyelitaja kikaoni, hata mmoja katika watu 23. Kinatumika. Kaya kama kumi na tano zinachota pale, maji ya bomba yakikatika zinakuwa nyingi zaidi. Nimekaa nikawaza jinsi tulivyokuwa karibu kufanya jambo baya kwa nia njema.

Februari basi si ya majembe. Ni ya kutembea nyumba kwa nyumba na kupima. Tukikuta maji yatafika kisimani tutaacha sehemu ya nyuma ya tuta kama ilivyo, tufungue mbele tu, hata kama tutapata nusu ya eneo. Naomba, kama una nafasi, uje utufundishe kupima mwinuko kwa mpira wa maji, nimesikia inawezekana.

#12 Sayansi Kidato

Inawezekana, mpira mwangavu wa mita 20 na fito mbili. Nitakuja nao.

#13 Ndege wa Pwani

Wakuu, na biashara ya hewa ukaa je, ile ya kulipwa kwa kutunza miti inayonyonya hewa chafu? Nasikia Kenya wanauza mikoko bila kuikata. Kwa nini msiingie huko moja kwa moja, mkaachana na wafadhili?

#14 Mwana wa Hori

Mkuu, unachokisikia ni kweli. Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulizinduliwa 2013, wanalinda hekta 117 na mapato yamewapa wanakijiji maji na vifaa vya shule. Baadaye Vanga nao wakafuata, na Vanga ni hapo tu ukishavuka mpaka wa Horohoro. Tungependa sana kwenda kuwaona, na safari hiyo ipo kwenye matarajio yetu, watu wanne kwa basi, tukijaaliwa.

Lakini kuiweka kama mpango wa mwaka ujao ningekudanganya. Wale wana msitu mkubwa uliosimama, watafiti waliopima kwa miaka mingi, na makubaliano na serikali yao. Sisi tuna viwanja viwili vya mpira vya ardhi tupu na kona moja yenye miche. Nikimwambia mama wa dagaa aache kuni kwa sababu hewa itauzwa siku moja, nitakuwa nimemfanyia kama alivyofanyiwa mara nyingi.

#15 Mlipakodi

Nimefuatilia. Hesabu umezitaja, sikutegemea. Hilo la kisima limenishtua, na nimeona umelipokea bila ubishi. Bado sijaamini. Nitaingia hapa Machi 31 kuangalia.

#16 Mwana wa Hori

Karibu sana Machi 31, kaka.

#17 Mwana wa Hori

Wakuu, narudi na habari. Jumamosi tulikwenda na mzee Fundi Mataruma, mjukuu wake, mwalimu wa baiolojia, Bibi Dagaa na wenzake wawili, na wanachama sita wa kikundi.

Mzee alikataa kushikwa mkono. Alivua viatu akaingia kwenye shamba la chumvi na ufito mrefu wa mkandaa, mkavu, wa kwake wa zamani. Kila baada ya hatua mbili anauchomeka. Unaingia kiganja kimoja, unagoma. Hatua mbili, unagoma. Tulifika karibu na katikati ya tuta la mashariki, mahali ambapo mimi nisingepatazama kabisa kwa sababu tuta pale ni nene kuliko kote. Akachomeka, ufito ukaingia hadi kiunoni kwake. Akauchomoa, akaunusa, akanipa mimi. Tope jeusi, laini, linanuka hori. Akasogea kushoto unagoma, akarudi unazama. Tuliufuata mkondo hivyo, kwa ufito, unapinda kama alivyosema, hadi tukatokea hatua chache tu kutoka ile kona iliyobomoka yenyewe. Tukaweka vigingi 31. Mzee alipofika kigingi cha mwisho alikaa juu ya tuta, akatazama mibuyu kwa muda mrefu, hakuna aliyemsemesha.

Mwalimu alipima kwa mpira wake. Kisima kiko juu ya usawa wa bamvua, lakini si kwa nafasi ya kutosha kulala usingizi. Tutapima tena bamvua kubwa za Machi kabla ya kugusa chochote. Kwa maana hiyo majembe huenda yakasogea hadi baada ya masika, na sehemu za kufungua zimekuwa moja badala ya tatu. Barua ya TFS tumeiandika upya ioneshe hivyo.

Bibi Dagaa amechagua mahali pa jiko la kwanza. Fundi anakuja Alhamisi usiku, giza limeanza.

Kazi inayofuata ni kutembea nyumba za nyuma na kupima. Tunakutana bamvua ya mwezi mwandamo unaokuja, saa mbili asubuhi chini ya mkungu, ili saa nne maji yakiwa yametoka kabisa tuwe tayari kwenye tuta. Mwenye viatu vya kufunga avae, tope lina makombe yanakata. Njooni na maji ya kunywa na kofia. Chakula tutapika sisi: wali, mchuzi wa dagaa, na tui la nazi za pale pale.